Kutoka Itetemia hadi Mutukula: Historia ya Kumfukuza Aliyepaza Sauti

Msafara wa Richard Burton ulipoingia Unyanyembe Novemba 1857, mtemi wa nchi hiyo alikuwa Fundikira, na makao yake yalikuwa Itetemia, kwenye miteremko ya vilima vya kusini mwa eneo ambalo leo ni mji wa Tabora. Waarabu wa Omani na watu wa pwani walikuwa wamejijengea matembe Kazeh, mwendo mfupi kutoka hapo. Misafara ya Bagamoyo iliyokwenda Ujiji, Karagwe au Buganda ilipumzika kwao, ikaajiri wapagazi wapya, kisha kila mmoja ukashika njia yake. Wafanyabiashara hao walikuwa wageni. Walikaa kwa ridhaa ya mtemi, na mtemi mwingine angeweza kuwanyima ridhaa hiyo.

Mtemi mwingine hakuchelewa kuja. Fundikira alipofariki, kiti kilichukuliwa na Mnwa Sere, aliyeona mali nyingi ikipita nchini mwake huku nchi yenyewe ikiambulia vumbi. Akatoza ushuru bidhaa zilizoingia Unyanyembe. Jambo hilo halikuwa geni, kwani watawala wa njia ile ya misafara walizoea kudai hongo. Wafanyabiashara wa Kazeh walikataa, wakashika bunduki, wakamng'oa Mnwa Sere na kumsimika Mkasiwa, mtu waliyeelewana naye. Speke alipopita tena mwaka 1861 alimkuta Mnwa Sere akiwa mkimbizi katika nchi aliyoitawala, akijaribu kurudi kwenye kiti chake, na juhudi za kuwapatanisha zikagonga mwamba. Snay bin Amir, aliyemkaribisha Burton kwa ukarimu mkubwa, aliuawa katika vita hivyo. Mwaka 1865 Mnwa Sere alikamatwa, akauawa kwa kukatwa kichwa.

Naianza historia hii Itetemia kwa sababu hapo mambo yako wazi kuliko yatakavyokuwa baadaye. Mgeni alimfukuza mwenyeji. Hakuna aliyeuliza nani mzaliwa na nani mhamiaji. Kilichoulizwa ni nani mwenye baruti na nani anayeleta usumbufu. Sheria zilipokuja ziliandika vizuri nani raia na nani si raia, lakini ukizifuatilia kwa makini utaona swali lile la pili, la nani anayeleta usumbufu, halikuondoka kamwe. Mara nyingi ndilo lililotangulia, na uraia ukatafutwa baadaye ili kuhalalisha jibu.

Njia ile ya misafara ilikuwa pia njia ya migomo. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebebeshwa mzigo wa pembe hadi pwani alijua thamani ya mabega yake. Posho ikipunguzwa, au mwenye msafara akilazimisha mwendo usiobebeka, wapagazi walitua mizigo chini wakakataa kuinyanyua mpaka wasikilizwe. Adhabu ya wazi ilikuwa viboko, na aliyepigwa kwanza alikuwa yule aliyeonekana kuwasemea wenzake. Wanyamwezi hao walifanya kazi ugenini, Bagamoyo, Unguja, Mombasa, na wengi walibaki huko wakaoa na kuzaa. Watu wa Tabora walikuwa wageni wa watu wengine muda mrefu kabla ya wengine kuja kuwa wageni wao, na mtu wa Tabora akisikia habari za mgeni aliyegoma akafukuzwa, anasikia habari za babu yake.

Wajerumani waliimaliza enzi ya watemi kama dola. Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe, baada ya kupigana nao kwa muda, alilipua baruti ndani ya ngome yake kuliko kukamatwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yakauteka mji. Kisha wakaja Waingereza na karatasi zao, na karatasi moja ya mwaka 1921 inastahili kutazamwa kwa karibu, maana kivuli chake kiko juu yetu hadi leo.

Sheria hiyo ya kuhamisha watu ilimpa gavana uwezo wa kumwondoa mtu sehemu moja ya Tanganyika na kumpeleka sehemu nyingine, iwapo ameridhika, kwa ushahidi wa kiapo, kwamba mtu huyo anahatarisha amani, anachochea uadui kati ya wananchi na serikali, au anakula njama dhidi ya utawala. Haikudai kesi. Haikudai mtu ashtakiwe kosa lolote lililomo kwenye kanuni ya adhabu. Gavana aliridhika, akatia saini, na mtu akasafirishwa kwenda kukaa mbali na watu wake na mbali na lugha yake. Ilimfanya mzaliwa wa nchi kuwa mgeni ndani ya nchi yake mwenyewe.

Nchini Kenya mtindo huo ulimwangukia mtu ambaye kisa chake kingepaswa kufundishwa katika kila shule ya Afrika Mashariki. Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi akiwa kijana, akaanzisha chama cha wafanyakazi kilichowaunganisha Wahindi na Waafrika wakati serikali ikiishi kwa kuwatenganisha. Aprili 1950, kwenye ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru wa Afrika Mashariki. Mei 15 alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na Nairobi ikaingia katika mgomo mkuu. Serikali haikumfunga kwa kosa alilotiwa hatiani. Ilimwekea amri ya kizuizi, ikampeleka Lokitaung, kaskazini kabisa ya nchi. Alitoka Oktoba 1961, baada ya zaidi ya miaka 11. Wauaji wengi wametumikia vifungo vifupi kuliko hicho.

Tanganyika nayo ilikuwa imeonja migomo. Mgomo mkuu wa 1947 ulianzia bandarini Dar es Salaam, ukapanda na reli ya kati hadi Tabora na kwingineko. Reli iliyojengwa kubeba mali na askari ilibeba pia habari za mgomo kutoka stesheni hadi stesheni. Ndiyo maana vyama vya wafanyakazi wa reli vikaja kuwa shule kubwa ya siasa, na katika shule hiyo akatokea Christopher Kasanga Tumbo.

Nakaa na Tumbo kidogo, kwa sababu maisha yake yanagusa pande zote mbili za jambo hili. Aliongoza wafanyakazi wa reli katika mgomo mrefu wa 1960. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilipojadili muswada wa uraia, alikuwa miongoni mwa waliopinga vikali kuwapa uraia Wahindi, Waarabu na Wazungu waliokuwa wakiishi nchini. Nyerere aliusimamia muswada kwa hasira isiyofichika, akisema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi ya ngozi. Muswada ukapita. Tumbo akatumwa London kuwa balozi, akajiuzulu mwaka 1962, akarudi kuanzisha chama chake cha upinzani. Chama kimoja kilipokuwa kinanukia, alivuka kwenda Kenya. Januari 1964 wanajeshi waliasi Dar es Salaam na Tabora, na baada ya maasi kuzimwa viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa. Tumbo alikamatwa Mombasa, akakabidhiwa kwa serikali ya Tanganyika, akawekwa kizuizini hadi 1966.

Mtu aliyetaka mlango wa uraia uwe mwembamba alijikuta mgeni Mombasa, bila mahakama ya kumwuliza kama anastahili kurudishwa mikononi mwa wale aliowakimbia. Simfurahii kwa hilo. Hoja zake za 1961 zilikuwa mbaya, na alichotendewa 1964 kilikuwa kibaya vilevile. Ukikubali kwamba mgeni anaweza kutolewa kwa amri tupu, umekubali jambo litakalokufikia siku utakapovuka mpaka.

Wazalendo walirithi sheria ya 1921 wakaiacha ilivyo. Mapema 1963, baada ya migomo kwenye mashamba ya mkonge, Victor Mkello, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwenzake Sheha Amiri walipelekwa Sumbawanga. Wote walikuwa wananchi, na hakuna aliyepelekwa mahakamani. Zanzibar, John Okello, mwana wa Lango kutoka Uganda, ambaye Januari 1964 alitangaza mapinduzi kwa sauti yake redioni, alizuiwa kuingia kisiwani miezi miwili tu baadaye. Aliyeitwa Field Marshal Januari aliitwa mgeni Machi. Alizunguka Kenya na Uganda, akafungwa zaidi ya mara moja, na hadi leo hatuna kaburi lake.

Kisa kinachofanana zaidi na hoja ninayoieleza kilitokea Mlimani Julai 1971. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kivunjwe, na wanafunzi wa Kenya na Uganda walikuwa bado wengi madarasani. Rais wa serikali ya wanafunzi alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilaumu utawala wa chuo kwa kuamua mambo bila kuwasikiliza wanafunzi. Kikosi cha Kutuliza Ghasia, FFU, kikaingia chuoni na bunduki, kikamchukua Akivaga mbele ya wenzake, na akarudishwa Kenya. Hapakuwa na ghasia za kutuliza. Ilikuwa barua. Wanafunzi waligoma kuingia madarasani, na walimu wengi wakasimama nao.

Lau mwandishi wa barua ile angekuwa Mtanzania, chuo kingeweza kumsimamisha masomo, kumwita kwenye kamati, hata kumfukuza. Lakini kisingeweza kumtoa nchini. Uraia wa Akivaga haukuhusiana hata kidogo na madai yake. Ulitumika kwa sababu ulikuwa njia ya mkato. Hivyo ndivyo sheria ya uhamiaji inavyofanya kazi pale mwenye mamlaka anapoudhika: inamwondolea mzigo wa kuthibitisha kosa.

Sheria yenyewe inasemaje? Sheria ya Uhamiaji ya 1972 ilifutwa na ile ya 1995, ambayo imerekebishwa lakini bado ndiyo inayotumika Tanzania. Inataja aina za wahamiaji waliopigwa marufuku. Wamo waliofungwa nje ya nchi kwa makosa ambayo mazingira yake yanawafanya wasitakiwe. Wamo pia wale ambao kuwapo kwao nchini, kwa maoni ya waziri au mkuu wa Uhamiaji, hakutakiwi. Kundi hili la pili limelimeza la kwanza. Kama maoni ya ofisa yanatosha, nani atahangaika kutafuta hukumu? Mitaani watu husema fulani kapigwa PI, yaani katangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku (prohibited immigrant), na anayepigwa PI mara nyingi hana hata karatasi inayoeleza kisa.

Kwa upande wa aliyekwisha kutiwa hatiani, nchi zinatofautiana. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inairuhusu mahakama yenyewe iliyosikiliza kesi kuamuru asiye raia aondolewe. Naona huo ni utaratibu wenye heshima zaidi, kwa kuwa hakimu amemwona mtu usoni, amesikia alichofanya, na anaweza kutofautisha aliyechoma duka na aliyebeba bango. Kanuni yetu ya Adhabu inataja kusanyiko lisilo halali na inataja ghasia, na la kwanza ni kosa dogo lenye kifungo kisichozidi mwaka. Watu watatu waliokusanyika kwa namna ya kuwatia hofu majirani wanaweza kushtakiwa nalo. Ukifanya kosa hilo kuwa tiketi ya kumtoa mtu kwenye nchi aliyozeekea, umempa adhabu mbili kwa kosa moja, na ya pili ni kubwa mara kumi kuliko ya kwanza.

Nchi ina haki ya kuamua nani aishi ndani ya mipaka yake. Mgeni aliyeua, aliyebaka, aliyekuja kuuza silaha, akimaliza kifungo chake na arudi kwao; sitasimama mlangoni kumzuia. Ninachokataa ni kumweka kwenye kapu hilo mtu ambaye kosa lake lote ni kusema. Katiba yetu ni makini kuliko tunavyoipa sifa. Uhuru wa kwenda utakako na kuishi popote nchini umepewa kila raia. Uhuru wa maoni na uhuru wa kukutana na wengine umepewa kila mtu, na haki ya kusikilizwa kabla ya kuamuliwa ni ya mtu yeyote. Waliopigania hifadhi ya haki za binadamu iingizwe mwaka 1984 walijua walichokuwa wanakiandika. Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kupumzika na siku ya tatu wakampa jembe. Aliyeshika jembe anazungumza juu ya shamba.

Mahakama zetu zimewahi kusimama. Katika kesi ya Chumchua Marwa, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1988, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema sheria ile ya kikoloni ya kuhamisha watu inagongana na Katiba. Uamuzi huo ulikuwa wa kijasiri. Hata hivyo sheria haikufa. Toleo la sheria za nchi la mwaka 2002 bado linayo, Sura ya 380.

Hapa sina budi kurudi mkoani Tabora, mahali paitwapo Ulyankulu. Mwaka 1972, mauaji ya Burundi yalipowamwaga Wahutu mpakani, Tanzania iliwapa wakimbizi mapori ya kufyeka Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka, wakalima, wakalipa kodi, watoto wao wakasoma Kiswahili na kuzungumza Kinyamwezi na majirani. Walikatazwa siasa. Chama cha Palipehutu kilizaliwa Mishamo mwaka 1980, na mwanzilishi wake, Rémi Gahutu, alifia mikononi mwa serikali ya Tanzania mwaka 1990. Ilipofika 2014, zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo la 1972 walikuwa wamekubaliwa kuwa raia wa Tanzania, hatua ambayo nchi chache duniani zimewahi kuthubutu kuichukua kwa mkupuo mmoja. Nasema hivyo kwa fahari.

Lakini cheti cha uraia wa kuandikishwa kina masharti ambayo cheti cha kuzaliwa hakina. Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu waziri kuuondoa uraia huo kwa mtu ambaye, kwa kitendo au kwa maneno, ameonyesha si mtiifu kwa Jamhuri. Tuchukue vijana wawili wa wilaya moja, mmoja mzaliwa wa ukoo wa Kinyamwezi, mwingine aliyeandikishwa pamoja na wazazi wake Ulyankulu. Wameandamana siku moja kudai bei nzuri ya tumbaku, wamekamatwa pamoja, wamefungwa muda uleule. Wakitoka gerezani, mmoja anarudi shambani. Wa pili anarudi shambani akiwa na barua ya kusubiri. Hofu ya barua hiyo inatosha kumnyamazisha hata kama haitaandikwa kamwe.

Si jambo la kufikirika. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mchapishaji wa magazeti yaliyokuwa yakiikosoa, si raia. Kadhalika Balozi Timothy Bandora na wanasiasa Anatoli Amani na Maudline Castico. Watu waliokuwa wamekabidhiwa dhamana kubwa za nchi waligeuka wageni kwa tangazo moja. Na katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo, mtu aliyekwenda polisi Babati kwa shughuli za ndoa yake alinyang'anywa pasi, akasukumwa Kenya mwaka 2014, Kenya nayo ikamrudisha, akaishia kuishi kwenye ardhi isiyo ya nchi yoyote pale Sirari, bila huduma, bila kazi, akitazama nchi mbili zinazomkataa. Machi 22, 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zake, ikaitaka pia irekebishe sheria ili anayetiliwa shaka uraia wake apate pa kukata rufaa.

Nchi kubwa hazina cha kutufundisha katika hili. Marekani ilimfunga Emma Goldman mwaka 1917 kwa kupinga watu kuandikishwa vitani, na alipomaliza kifungo ikampakia kwenye meli Buford, Desemba 1919, pamoja na wengine hadi kufikia 249, kuelekea Urusi. Machi 2025 ikamkamata Mahmoud Khalil, mkaazi halali, mmoja wa sauti za maandamano ya kuitetea Palestina Chuo Kikuu cha Columbia, kwa kutumia kifungu cha sheria ya 1952 kinachotegemea maoni ya waziri wa mambo ya nje. Maoni ya waziri, tena.

Kwetu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipaswa kubadili mambo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia na kukaa katika nyingine, isipokuwa kwa sababu za usalama, afya ya jamii na utaratibu wa nchi. Aprili 13, 2011, wakili wa Kenya Samuel Mohochi alizuiwa Entebbe na kurudishwa kwao, bila kupewa sababu yenye maana. Alishtaki. Mei 2013 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba Uganda ilivunja mkataba, na kwamba mamlaka ya nchi juu ya mipaka yake hayafuti ahadi iliyotia saini yenyewe. Kila ofisa uhamiaji wa Namanga, Mutukula na Horohoro angepaswa kuwa na nakala ya uamuzi huo mezani.

Hakuwa nayo Mei 2025. Kiongozi wa upinzani Tundu Lissu alikuwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akikabiliwa na shtaka la uhaini, na watu walikuja kuhudhuria. Wakili wa Kenya Martha Karua na Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa nchi hiyo, walizuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam wakarudishwa. Wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliingia, wakakamatwa Mei 19. Siku kadhaa hawakujulikana walipo. Mwangi alipatikana pwani ya Kenya, Ukunda. Atuhaire aliachwa usiku Mutukula. Wote wawili walieleza kwamba waliteswa na kudhalilishwa kingono. Polisi wa Dar es Salaam walizikataa tuhuma hizo. Wawili hao hawakufikishwa kwa hakimu. Hawakushtakiwa kukusanyika isivyo halali, wala kosa jingine lolote. Walikwenda kusikiliza kesi ya mtu mwingine.

Julai 2025 walifungua shauri Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Shauri hilo litailazimu serikali kusema, kwa kiapo na mbele ya majaji, nani aliamuru wachukuliwe, kwa kifungu kipi, na kwa nini njia ya kuwatoa nchini haikupitia dawati la Uhamiaji wala chumba cha mahakama. Mnwa Sere hakupata pa kuuliza maswali hayo, wala Tumbo, wala Akivaga.